Pampu ya Kahawia na Nyimbo za Getini

Mamangu ana sauti ambayo, upepo ukikubali, inaweza kutoka Makongeni ikafika Ruiru bila kupanda gari. Mimi naishi Ruiru, upande wa Kamakis, mahali ambapo moshi wa nyama choma huingia nyumbani kabla ya mwenye nyumba, na nitaapa popote kwamba kuna Jumapili nimemsikia akianzisha wimbo kanisani kwao Thika nikiwa bado natafuta soksi. Mke wangu husema ilikuwa redio ya jirani. Kila mtu na masikio yake.

Kwa hiyo dadangu, kitinda mimba wetu, alipoleta habari kwamba kuna kijana ambaye wazazi wake wanataka kuja kwa ruracio, yaani kuleta mahari, hakuna aliyeuliza nani ataimba getini. Kwetu, wageni wa mahari hawaingii tu kama watu waliokuja kusoma mita ya stima. Geti linafungwa. Wanawake wa upande wa kijana wanasimama nje na vikapu vyao, wanaimba kuomba wafunguliwe. Wanawake wa upande wa msichana wanasimama ndani na kuwajibu kwa nyimbo: nyinyi ni nani, mmetoka wapi, mmetubebea nini, na mbona mnaimba kama watu ambao hawajapewa chai? Anayeongoza ndani ndiye anayeamua geti litafunguka saa ngapi. Mama aliongoza kwa dada zangu wakubwa, akaongoza kwa mabinti wa majirani, akaongoza hata kwa watu ambao hadi leo sijajua tunahusiana nao vipi.

Lakini safari hii kifua kilikuwa kimekataa. Pumu alikuwa nayo tangu nikiwa mtoto. Ilikuwa kama yule mjomba anayekuja kukaa siku mbili na hatoki, mnamzoea mpaka mnamwekea kikombe chake. Sasa mjomba alikuwa ameanza kupanga fanicha upya. Mama akipanda ngazi tatu za kanisa anasimama kana kwamba anatazama mandhari. Akicheka sana, kicheko kinageuka filimbi.

Siku ya kupanga mambo ya ruracio tulikaa sebuleni kwake, na mdogo wake wa kike, ambaye sisi tunamwita tata, akalitoa lile jambo mezani bila kulifunika.

"Tutaita yule jamaa wa spika," tata akasema. "Anaweka wimbo, sisi tunacheza tu."

"Spika?" Mama akaweka kikombe chini. "Wageni wa msichana wangu wajibiwe na spika?"

"Sasa dada, utaimba na nini? Juzi kanisani ubeti wa pili uliumalizia na mkono."

"Niliwaachia nafasi na nyinyi muimbe."

"Ulituachia wimbo wote!"

Tulicheka sote, na mama akacheka kutushinda, halafu kikohozi kikamshika, akainuka na kwenda msalani. Tulibaki tukitazama biskuti. Kila mtu alijua amekwenda kufanya nini: kuvuta dawa ya pumu kwa ile pampu yake ya buluu mlango ukiwa umefungwa. Hakuwahi kuivuta mbele ya watu. Alisema watu wakiona pampu watasema hao ni ukoo wa vifua, na wakwe wakisikia wataanza kuhesabu wajukuu wagonjwa kabla hata hawajazaliwa.

Aliporudi, alisema maneno machache na macho yake yalikuwa kwa tata. "Spika haitaimbia msichana wangu. Nikishindwa, fungueni geti kimya kimya kama la hospitali."

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa jambo. Lilikuwa limepita mambo ya wimbo. Mama alikuwa na binti mmoja aliyebaki na geti moja la mwisho, na alitaka kulifunga na kulifungua kwa pumzi yake mwenyewe. Zilikuwa zimebaki wiki kadhaa.

Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, na nimebeba jina la babake, kwa hiyo huniita baba. "Baba," aliniambia wengine walipoondoka, "kesho unipeleke kwa kemisti nichukue ya buluu. Imeisha tena."

Lile neno "tena" lilinikwama kama nywele kwenye sinki. Kazi yangu ni ufundi wa mabomba ya maji, na fundi akisikia kwamba tangi linajaa na kuisha, linajaa na kuisha, hakimbilii kununua tangi jingine. Anauliza maji yanaenda wapi. Tena mimi si fundi wa hivi hivi. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, na katika biolojia nilichora mapafu mara nyingi hivi kwamba ningepewa vifaa ningeweza kuyafunga ukutani na kuyaunganishia mita.

Kesho yake tukaenda. Kemisti yenyewe iko Makongeni, chumba chembamba katikati ya kinyozi na mwanamke anayeuza vitambaa vya viti. Mfamasia alikuwa mwanamke wa umri wangu hivi, mwenye sauti ya chini na tabia moja iliyonishangaza: mteja akiwa na shida, yeye hutoka nyuma ya kaunta, anakuja kuketi naye kwenye benchi la wateja na chupa yake ya uji. Kama kuna foleni, foleni inasikiza.

"Cucu, ya buluu tena?" aliuliza, akimwita nyanya kwa heshima, na hapo nikajua lile neno halikunikwama mimi peke yangu. "Hii ni ya kukufungua wakati kifua kimebana. Ikiisha haraka hivi, inamaanisha kifua kinabana kila siku. Hebu kaa. Nionyeshe vile unaivuta."

"Nikuonyeshe? Hapa?" Mama alitazama mlango, akatazama kinyozi wa jirani aliyekuwa amesimama nje na taulo begani. Mfamasia akainuka, akavuta pazia la mlangoni, akarudi kuketi. Mama akaitoa pampu ndani ya kitambaa, ndani ya mfuko mdogo, ndani ya mfuko mkubwa, kama mtu anayetoa hati ya shamba. Akafungua mdomo wazi, akabonyeza, akafunga mdomo, akatabasamu. Wingu jeupe likatoka kwenye pua na pembeni mwa midomo, kama sufuria iliyofunuliwa.

"Umeona?" mfamasia akaniambia. "Hiyo dawa imeenda kutembea."

"Na mimi nimeivuta hivyo miaka yote," mama akasema.

"Na hakuna mtu alikuuliza umwonyeshe?"

"Nani ataniuliza? Nikifika wananiuliza kadi."

Sikucheka. Kweli nilicheka kidogo, lakini kichwani nilikuwa nimeanza kufungua bomba kwa bomba. Ikiwa dawa haifiki kifuani, hata akiwa na pampu zilizojaa lori, ni kumwagilia ukuta ukitumaini sukuma wiki itaota.

Mfamasia akauliza swali la pili. "Na ile ya kahawia? Hospitalini hawakukupa ya kahawia?"

"Walinipa."

"Iko wapi?"

"Iko salama," mama akasema kwa fahari. "Haijaguswa. Iko kwa kabati ya vioo."

Acha nieleze hiyo kabati, kwa sababu bila kuielewa hutaielewa familia yetu, na pengine hata mtaa mzima. Kwa mama kuna kabati yenye milango ya vioo, na ndani yake kuna vikombe vya maua ambavyo nimewahi kunywea mara mbili maishani, zote mbili kukiwa na kasisi. Kuna shuka ambazo bado zina karatasi za dukani. Kuna kijiko kikubwa cha kung'aa ambacho hakijawahi kuonja mchuzi. Sofa imevaa vitambaa, vitambaa vimevishwa plastiki. Sisi tumekulia katika imani kwamba kitu kizuri hakitumiwi. Kitu kizuri kinangoja. Nilikuwa sijawahi kujiuliza kinangoja nini. Na ile pampu ya kahawia, kwa kuwa daktari alisema ndiyo dawa hasa, ilipandishwa cheo mara moja, ikapelekwa kukaa na vikombe vya kasisi.

"Unaiwekea siku gani, cucu?" mfamasia akauliza, na aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Siku mbaya. Siku ile ya buluu itashindwa." Mama akapunguza sauti. "Na pia... wanasema hiyo ndiyo dawa ya mwisho. Ukiianza, hakuna ingine mbele. Kuna mama mmoja wa kanisa alipewa, hakumaliza mwaka."

"Alikuwa anaivuta kila siku?"

Mama akafikiri. "Ee... hata yeye alikuwa ameiweka."

Muuza vitambaa, ambaye alikuwa amejipenyeza ndani ya pazia ati anatafuta dawa ya kichwa, akasahau kuitafuta.

Nilishindwa kuvumilia, nikaingilia kwa maswali yangu. Je, hii pumu ni bomba limeziba au ni presha imepungua? Mfamasia alinisikiza bila kunidharau. Akasema vibomba vya mapafuni vina mambo mawili mabaya: vinajikaza kwa nje kama mtu anayebana mpira wa maji kwa mkono, na vinavimba kwa ndani.

"Mabomba yangu hayavimbi," nikasema.

"Una bahati. Haya ya kifuani yana uhai. Ya buluu inaachilia ule mkono unaobana, papo hapo, halafu baada ya saa chache imeondoka. Uvimbe haiushughulikii. Ya kahawia ndiyo inapunguza uvimbe, pole pole, siku baada ya siku. Siku kifua kimebana ukiivuta hiyo peke yake, hutaona kitu. Haifungui haraka. Hiyo siku mbaya unayongoja, cucu, ndiyo siku ambayo haiwezi kukuokoa."

Maneno hayo yaliniingia kama maji kwenye bomba jipya, lakini mama alikuwa bado ameshika mfuko wake kwa mikono miwili. Mabomba si lugha yake. Mfamasia akanywa uji kidogo, akamgeukia.

"Cucu, ulikuwa unalima viazi?"

"Viazi? Miaka mingi! Huko juu Gatanga, kabla nishuke hapa."

"Ule ugonjwa wa baridi unaochoma majani wakati wa mvua, ulikuwa unanyunyiza dawa lini?"

"Kabla," mama akasema bila kufikiri. "Ukingoja uone jani jeusi umechelewa. Hapo unanyunyiza ukilia tu. Unanyunyiza shamba likiwa zuri, watu wakikupitia wanakucheka unaharibu..." Akanitazama. Akamtazama mfamasia. "Haiya."

"Ee," mfamasia akasema.

"Haiya! Kwa hivyo mimi nimeweka dawa ya viazi kwa kabati."

"Na shamba linaungua."

Nilijiuliza sana yule mwanamke alijuaje kwamba mama alilima viazi. Nilimuuliza baadaye. Alisema hakujua, alitazama tu mikono yake na umri wake, na asingekuwa wa viazi angekuwa wa nyanya, na dawa ya nyanya hunyunyizwa vivyo hivyo.

Hakutuuzia kitu siku hiyo isipokuwa ile ya buluu. Alituambia turudi kwanza kliniki mama apimwe upya na dawa zake zithibitishwe, kwa sababu muda ulikuwa umepita mrefu, na hata pampu ya kabatini alitaka tuangalie kama tarehe yake haijapita. Ilikuwa imepita. Vikombe vya maua haviozi, dawa huoza. Kliniki wakamsikiza kifua, wakamwandikia zile zile mbili, ya kahawia asubuhi na jioni, na tukarudi kwenye benchi.

Hapo ndipo lilipokuja somo la chupa. Mama hakuweza kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Mkono ulikuwa ukitangulia na pumzi ikichelewa. Kuna chombo chake maalumu cha plastiki cha kuweka katikati, lakini kilikuwa kimekwisha dukani. Mfamasia akachukua chupa ya soda ya plastiki iliyosafishwa na kukaushwa, akakata tundu kwenye kitako kwa umbo la mdomo wa pampu, akaichomeka. Dawa inapulizwa ndani ya chupa, halafu mama anaweka midomo kwenye shingo ya chupa na kuivuta pole pole, anashikilia pumzi, anaachilia. Na baada ya ya kahawia, asukutue mdomo na kutema, usije ukaota utando mweupe.

"Daktari," mama akasema akiigeuza ile chupa, "mimi na umri huu nikanywe soda ya hewa?"

"Hiyo tu ndiyo haiongezi sukari."

Mimi, kama mtaalamu, nikapeleka kasoro zangu: tundu lina mwanya, hewa itavuja, nitaipeleka nyumbani niizibe kwa gundi ya mabomba. Mfamasia aliruka kama mtu aliyeona nyoka. "Gundi hapana! Harufu yake peke yake itamkaba." Kwa hiyo nilitengeneza ya pili kwa waya wa moto uani kwangu, tundu likakaa sawasawa kabisa, nikaiosha, nikaiacha ikauke, na sijawahi kufunga mfereji wowote wa tajiri yeyote kwa umakini kama ule. Mke wangu alidai niliionyesha kwa kila mtu wa ploti. Si kweli. Kuna mmoja alikuwa amesafiri.

Ungedhani sasa mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Kama wiki moja na nusu baadaye nilifika Makongeni nikakuta pampu ya kahawia imerudi kabatini.

"Haifanyi kitu," mama akasema. "Naivuta, sisikii chochote. Ya buluu nikivuta moyo unadunda, mikono inatetemeka kidogo, najua nimekula dawa. Hii ni kama kuvuta hewa ya bure."

Biolojia ya jioni haikufika huko. Lakini mfamasia alikuwa na desturi ya kuwapigia simu wagonjwa wake wa kifua, na simu ililia wakati huo nikiwa nimeketi pale pale. Mama akaiweka kwa sauti kubwa ili jirani asikie kwamba amepigiwa na daktari.

"Cucu, unaendelea aje na ya kahawia?"

"Nimepumzika kidogo."

"Umepumzika tangu lini?"

"Jana. Na leo."

"Kwa nini?"

"Haiumi, haichomi, haina ladha. Dawa gani hiyo?"

Nilitarajia ahubiriwe. Mfamasia akauliza tu, "Wiki hii ulilala aje?"

"Nililala vizuri."

"Uliamka mara ngapi kukohoa?"

Mama akafungua mdomo ajibu. Niliona akirudi nyuma kichwani, siku kwa siku, akitafuta kikohozi cha alfajiri ambacho kilikuwa kimemwamsha miaka yote kama saa ya ukutani, na hakioni. Alikuwa na uso wa mtu aliyeingia jikoni akakuta jiko limezimwa na hakumbuki ni nani aliyelizima.

"Sikuamka," akasema hatimaye. Halafu, kwa sauti ndogo, "Kumbe ndiyo maana nilichelewa kuamka hata kuku wakanililia."

"Hivyo ndivyo inavyosikika, cucu. Inasikika kwa kile ambacho hakikutokea."

Nilikaa na hiyo sentensi siku nyingi. Katika kazi yangu pia ni hivyo: hakuna mteja amewahi kunipigia simu kusema, fundi, leo hakujavuja. Mama akaitoa pampu kabatini, akaiweka karibu na mswaki wake, na tangu siku hiyo asubuhi zake zikawa na utaratibu: pampu, chupa, kushikilia pumzi akitazama kalenda ya kanisa, kusukutua, kutema, halafu kuwasalimia kuku.

Mfamasia pia alikuwa na kile kipimo cha pumzi, mrija wa plastiki unaopulizwa kwa nguvu na kimshale kinasogea na kubaki pale pumzi ilipokifikisha. Nilitaka kujaribu. Niliomba watu wasogee, maana sikutaka kuwajibika kama kingepasuka, nikapuliza mpaka nikaona nyota mchana. Kimshale kilifika mahali pa kawaida kabisa. Mama alipuliza baada yangu, na kila tulipokwenda kimshale chake kilisogea upana wa ukucha. Kila kikisogea, alimtazama muuza vitambaa kana kwamba wana mashindano.

Kulikuwa na mambo ya nyumbani pia, ambayo mfamasia aliyauliza moja moja, bila kumfokea mtu. Jiko la kuni lilikuwa wapi? Ndani, jikoni, dirisha limezibwa na gunia. Gunia nikaliondoa mimi, na jiko tukalihamishia nje chini ya mabati. Kuku walilala wapi? Hapo mama akaanza kurekebisha leso yake. Kuku walilala jikoni. Wakahamishwa kwa malalamiko, ya kuku na ya mama. Na akatufundisha mimi na dadangu jambo moja kwa uso usio na mzaha: siku mama akishindwa kumaliza sentensi, au ya buluu ikivutwa na isisaidie, au midomo ikibadilika rangi, hakuna kungoja, hakuna kupiga simu kemisti, ni hospitali moja kwa moja.

Siku ya ruracio ikafika, na jua likafika nayo. Uani kulikuwa na masufuria ambayo ungeweza kuogeshea ndama, na mama alipewa kiti mbali na moshi, jambo lililomuudhi kupita kiasi, kwa sababu mukimo wa viazi na mahindi ulikuwa ukipondwa bila yeye kuuonja. Kila alipoinuka nilimrudisha.

"Baba, umekuwa polisi?"

"Ni maagizo ya daktari."

"Siku hizi dada ni mzungu," tata akapaza sauti kutoka kwenye moshi. "Anakaa mahali upepo unatoka!"

"Na wewe ponda, usiongee na mukimo wangu."

Tata alikuwa amemwita jamaa wa spika hata hivyo. Alikaa kando ya ukuta na mashine zake, kama fundi wa akiba, na mama akamwona. Alimpelekea chai mwenyewe. Hilo lilinitisha kuliko angemfukuza.

Wageni walisikika kabla hawajaonekana. Walikuwa na mwimbaji, na nitasema ukweli, alikuwa mwimbaji. Sauti yake ilipita juu ya geti kama mtu anayeruka bila kuchafua viatu. Wanawake wetu wakajipanga, mama akasimama mbele yao, mkono kiunoni. Akamjibu. Wimbo wa kwanza ulitoka mzima. Tata alisahau mwiko mkononi. Wimbo wa pili ulitoka mzima, na mama akauongezea mistari yake mwenyewe, akiwauliza wageni kama vikapu vina kitu au wamevibeba kwa ajili ya kivuli.

Katika wimbo wa tatu aliinua sauti, halafu nikaona bega likipanda. Alimalizia mstari kwa shida. Akanyoosha mkono kwa wanawake waendelee, nao wakashika kiitikio, wakikizungusha pale pale. Mama akageuka akatazama msalani. Ilikuwa mbali, na katikati kulikuwa na watu wote, wazee wetu kwenye viti, mashangazi, kamera ya video. Jamaa wa spika alikuwa amesimama, kidole juu ya mashine. Tata alimtazama mama, mama akamtazama tata.

Halafu mama akafungua mkoba wake, mbele ya watu wote, akatoa ile chupa, akaichomeka pampu ya buluu, akatikisa, akapuliza ndani, akavuta pole pole vile alivyofundishwa, akashikilia. Akarudia tena. Hakujificha hata nyuma ya leso. Tata alimsogelea akasimama karibu naye, kiitikio kikiendelea.

Geti letu ni la mabati na lina mwanya kando. Kutoka nje tukasikia sauti ya mwanamke mmoja ikipiga kelele: "Wanakunywa soda! Sisi tumesimama juani, na wao wanakunywa soda!"

Uani wote ukalipuka. Mama alicheka, nami nikaganda kwa woga, nikingoja kicheko kigeuke. Hakikugeuka. Kilianza kama kicheko na kikaisha kama kicheko. Akafuta macho, akapumua, na akaanza wimbo mpya kabisa, ambao hakuna aliyeujua kwa sababu aliutunga hapo hapo: soda iko ndani, tamu na baridi, lakini ni ya watu wanaojua kuimba, nyinyi wa nje imbeni tena tuwasikie. Wa nje, kwa kuchokozwa, wakaimba kwa nguvu mpya. Yeye akawajibu. Wakaongeza. Akaongeza. Jamaa wa spika akaketi na kumalizia chai yake.

Ukapita muda. Mukimo ukaanza kupoa. Wazee wa pande zote mbili, ambao walikuwa na mazungumzo yao mazito ya kufanya, walianza kutazamana juu ya ukuta kama wafungwa wa gereza moja. Mjomba wangu mkubwa aliniita kwa kidole.

"Enda umwambie mamako inatosha. Watu wana njaa."

Nikapenya katikati ya wanawake mpaka alipokuwa mama. Alikuwa anatokwa jasho, leso imemteleza, midomo ina rangi yake nzuri, na nilimwangalia kifua kwa makini kama ninavyoangalia kiungo kipya maji yakifunguliwa. Kilikuwa kinapanda na kushuka bila kupigana na mtu.

"Mama, wazee wanasema ufungue."

"Baba," akasema, macho kwenye geti, mkono tayari umeinuliwa kwa ubeti mwingine, "waambie bado."

Nikarudi kwa mjomba. Nikamwambia amesema bado. Mjomba akashusha pumzi, akaketi, akaomba aletewe angalau kiazi kimoja.